Je, Wajua? Chama Kilipokwenda Ngomani

Leo safu hii inafuata njia ambazo siasa na sanaa zimepita pamoja, toka viwanja vya ngoma vya Dar es Salaam hadi Conakry, California na gereza la Kamiti. Neno moja kabla hatujaanza: ukimsikia mtu akisema harakati fulani zilifufua utamaduni, muulize utamaduni huo ulikufa lini. Mara nyingi haukuwa umekufa. Ulikuwa uwanjani unacheza, na wanasiasa ndio walioufuata huko.

Je, wajua kwamba Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mwanasiasa? Sauti yake ilijulikana Dar es Salaam kupitia kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata John Hatch, mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza wenye chama: wanawake wenu wako wapi? Swali likawaumbua. Ndipo Titi alipokabidhiwa kazi ya kuwaleta wanawake. Hakuanza kwa kubandika matangazo. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wa lelemama na wengineo, akawaeleza jambo, nao wakarudi kwa watu wao kulieleza. Kikundi cha ngoma kilikuwa na uongozi wake, sare zake, michango yake, na desturi ya kualikana mtaa kwa mtaa. Chama gani kichanga hakitamani mali hiyo? Wanawake walichukua kadi kwa maelfu, na wapo waliozichukua wakati waume zao, hasa waajiriwa wa serikali ya kikoloni, wakiogopa hata kuonekana karibu na mkutano. Ukipiga hesabu ya nani alimkopesha nani, ngoma ndiyo iliyoanza kuidai TANU.

Je, wajua kwamba kati ya waasisi wa TANU alikuwamo malenga? Saadani Abdu Kandoro alikuwa akitunga mashairi ya siasa tangu enzi za TAA, chama kilichoitangulia TANU. Na mwaka huohuo wa 1954, Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichokuja kuwa msahafu wa watetezi wa vina na mizani. Baadaye Sheikh Amri akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri wa sheria. Alianza na sheria za beti, za nchi zikafuata. Wanaokwenda mpirani Arusha katika uwanja unaoitwa kwa jina lake, wengi hawajui kwamba wamekaa katika uwanja wa mshairi.

Je, wajua kwamba serikali ya kikoloni ya Kenya iliwahi kupiga marufuku wimbo mzima pamoja na mchezo wake? Ulikuwa Muthirigu, ulioenea Ukikuyu mwaka 1929 baada ya wamisionari kuwabana waumini wao juu ya tohara ya wasichana. Beti zake ziliongezwa kila ulipokwenda, zikiwakejeli wamisionari, machifu na maafisa wa serikali bila kuwaficha majina. Mwaka 1930 ukapigwa marufuku. Desturi iliyokuwa ikitetewa siitetei mimi. Lakini katika mvutano uleule zilistawi shule huru za Wakikuyu, na watawala wakajifunza kwamba wimbo usio na mtunzi mmoja hauna wa kukamatwa.

Je, wajua kwamba sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga? ANC ya huko iliuimba katika mikutano yake miaka mingi kabla Tanganyika haijauchukua mwaka 1961.

Na je, wajua kwamba wa Kenya ni wimbo wa kubembelezea mtoto? Uhuru wa 1963 ulipokaribia, kamati iliyotafuta wimbo iliukuta muziki wake kwa Wapokomo wa Mto Tana. Kila askari anayekakamaa mbele ya bendera ya Kenya anaupigia saluti wimbo uliokusudiwa kuleta usingizi.

Je, wajua kwamba wimbo mashuhuri kuliko yote ya uhuru wa Afrika ulitoka hotelini Brussels, mjini kwa mtawala mwenyewe? Januari 1960 viongozi wa Kongo walikwenda huko kwenye Mkutano wa Meza ya Duara, na kundi la wanamuziki chini ya Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, likafuatana nao. Humo alikuwamo Docteur Nico na gitaa lake. Tarehe ya uhuru ilipokubaliwa, «Indépendance Cha Cha» ikazaliwa, ikiwataja viongozi na vyama vyao. Ikachezwa nchi baada ya nchi, hata na watu wasiojua neno la Kilingala. Vyama vilivyotajwa vilikuja kugombana, vingine vikafa. Gitaa la Nico lingali linanyanyua watu vitini kwenye harusi.

Je, wajua kwamba siku Tanganyika ilipokuwa jamhuri, rais wake alizungumzia dansi? Tarehe 10 Desemba 1962, Julius Nyerere alitangaza kuunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Akawachokoza wasomi wenzake: wengi wetu tunajua rumba, chachacha, twist, hata foxtrot, je, ni wangapi wanaojua gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo au lelemama, au hata kuyasikia tu majina? Akauliza vivyo hivyo juu ya zeze, nanga na marimba. Hotuba hiyo hutajwa kila mahali panapozungumzwa utamaduni wa Tanzania, na inastahili. Lakini isikilize kwa sikio la mwanamke wa Kariakoo aliyecheza lelemama miaka yote hiyo, akaitumia kumjazia rais huyohuyo viwanja vya mikutano. Yeye hakuwa amesahau kitu. Aliyesahau ni yule aliyesomeshwa bwenini.

Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1981 mafunzo yakahamia Bagamoyo, katika chuo kinachojulikana leo kama TaSUBa. Kuna hasara moja husemwa kwa sauti ndogo. Ngoma iliyokuwa ya usiku kucha, ya mavuno au ya unyago, ikapewa dakika saba mbele ya mgeni wa heshima. Ikapata jukwaa, ikapoteza usiku wake.

Je, wajua kwamba dansi lile lile lililosutwa katika hotuba ya Nyerere ndilo lililofaidi zaidi mfuko wa umma? Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilipata bendi yake, NUTA Jazz. Wapiga magitaa na tarumbeta wakawa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi. Jeshi, polisi, JKT na mashirika yakafuata. Muhidin Maalim Gurumo na wenzake wakaimba siasa inapotakiwa, na mapenzi, fitina za mtaani na ugumu wa maisha siku zilizobaki, ambazo ndizo zilizokuwa nyingi. Nani Afrika Mashariki ya leo anampa mpiga besi mshahara wa mwezi? Ubaya wake ni kwamba vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: mwanamuziki akihama, anaacha gitaa na kuondoka na kipaji chake tu. NUTA ikabadili jina, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na bendi ikabadilika nayo kila mara, mpaka ilipobaki na jina la mashabiki wake: Msondo Ngoma.

Je, wajua kwamba Morogoro, mji usio na bahari wala ikulu, ulipeleka bendi Japani? Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz waliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya Expo 70 ya Osaka. Miaka saba baadaye zamu ikawa ya Afro 70 ya Patrick Balisidya, kwenye tamasha la FESTAC la Lagos.

Je, wajua kwamba kuna rais aliyevunja bendi kwanza ndipo akaunda upya? Guinea ilipoikatalia Ufaransa katika kura ya Septemba 1958 na kupata uhuru Oktoba 2, Sékou Touré aliamuru bendi zilizopiga muziki wa Kizungu zivunjwe. Mwaka 1959 ikaundwa orkesta ya taifa, kisha za mikoa, serikali ikitoa vyombo, na wapigaji wakaagizwa warudi kwenye nyimbo za kwao. Kutoka Beyla, mji mdogo wa bara, ikatoka Bembeya Jazz. Kutoka kikosi cha wanawake askari ikatoka Les Amazones de Guinée. Serikali ikafungua kampuni ya santuri, Syliphone, na wakusanyaji wa muziki duniani bado wanazigombania santuri zake. Kwa muziki mtupu, sijui serikali ya Afrika iliyovuna zaidi.

Ila mtazame Keïta Fodéba. Huyu ndiye aliyeunda Les Ballets Africains mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwa Ufaransa, kundi lililoionyesha dunia ngoma za Afrika Magharibi. Uhuru ulipokuja akawa waziri wa Sékou Touré, akashika mambo ya ndani na ulinzi. Mwaka 1969 akakamatwa, akauawa katika gereza la Camp Boiro, Conakry. Mwaka huohuo Bembeya Jazz ilitoa santuri yake kubwa ya kumsifu Samory Touré, shujaa wa kale aliyewapinga Wafaransa, na mwimbaji Miriam Makeba alikuwa ameshapata hifadhi nchini humo. Redio ya taifa ilikuwa na nyimbo nzuri kuliko wakati wowote.

Je, wajua kwamba ngonjera unazozikumbuka kutoka shuleni zina uhusiano na Azimio la Arusha? Azimio lilitangazwa Februari 5, 1967. Likahitaji watu wa kulieleza vijijini, na Nyerere akawaomba washairi wasaidie. Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, mtu wa mahakama na mwandishi wa historia ya watu wake. Alilichukua shairi la kujibizana akaligeuza mchezo mdogo: mmoja hajui au anapinga, mwingine anajua, wanabishana kwa vina na mizani hadi mpinzani akubali. Hakukuhitajika jukwaa, maleba wala umeme. Watoto wawili na mwalimu mmoja walitosha. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada yake, vikaenea shule hadi shule.

Kama fasihi, nyingi ya ngonjera za siasa zimechakaa, kwa sababu msomaji anamjua mshindi tangu ubeti wa kwanza. Umbo lenyewe ndilo lililopona. Siku hizi zinaghaniwa ngonjera za malaria, za mazingira, za kumuaga mkuu wa shule anayestaafu, na mzazi aliyeketi chini ya turubai bado anainamisha kichwa kusikiliza mtoto wake asikosee.

Je, wajua kwamba tamthilia mashuhuri zaidi ya kipindi hicho ililipa taifa shujaa mwenye mashaka? Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa «Kinjeketile» mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Serikali mpya ilivipenda vita hivyo kwa sababu makabila mengi yalisimama pamoja. Hussein alikubali umoja, ila akauliza swali lisilopendeza: umoja uliojengwa juu ya ahadi kwamba risasi zitageuka maji unamfanya nini aliyeitoa ahadi hiyo? Kinjeketile wake anaogopa neno lake mwenyewe likishamtoka mdomoni. Kitabu kikasomeshwa shuleni Tanzania na Kenya, kizazi baada ya kizazi, kama kitabu cha ukombozi. Nacho ni cha ukombozi kweli, ukikisoma polepole.

Je, wajua kwamba kinyago cha «ujamaa» kilikuwako kabla ya siasa ya Ujamaa? Wachongaji wa Kimakonde walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji ya Wareno, wengi wakitafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha wakafika Dar es Salaam na mpingo wao. Mmoja wao, Roberto Yakobo Sangwani, anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa watu kupandana katika gogo moja. Mwanzoni alichonga bingwa wa mieleka aliyebebwa na wenzake. Siasa ilipopata jina, kinyago nacho kikabatizwa: bingwa akatoweka, akaja mzee au mama juu, ukoo ukimshikilia chini. Wauzaji walifurahi, maana mgeni aliyenunua alipata sanaa na somo la siasa kwa bei moja. Wakati huohuo FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam Juni 1962, ilikuwa ikiwategemea Wamakonde haohao vitani ng'ambo ya mto.

Je, wajua kwamba Ujamaa husherehekewa kila mwaka nchini Marekani, tarehe 29 Desemba? Ni siku ya nne ya Kwanzaa, sikukuu iliyoasisiwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya Watts. Siku zake saba zina majina ya Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Zilikuwa harakati za watu weusi waliotaka lugha ya Kiafrika isiyofungwa na kabila moja, na macho yao yalikuwa Dar es Salaam.

Na hapo muziki ukaingia. Mwanachama mmoja wa kundi la Karenga alijiita James Mtume, naye akawagawia majina ya Kiswahili wapiga jazi wa Herbie Hancock. Hancock akawa Mwandishi, na hilo likawa jina la albamu yake ya 1971. Buster Williams akaitwa Mchezaji, Billy Hart akaitwa Jabali. Julian Priester, mpiga tromboni, akaangukiwa na Pepo Mtoto, jina ambalo Tanga au Lamu lingemwitia shehe. Eddie Henderson, mpiga tarumbeta, akaitwa Mganga, na hili lilimkaa sawasawa: alikuwa daktari aliyesomea udaktari. Muziki wenyewe haufanani na taarabu wala dansi, kwa hiyo asiingie mtu akitafuta marimba ya pwani. Ni wa kwao, uliopata ujasiri kwa jina la kwetu.

Je, wajua kwamba Ujamaa ulizaa pia wakosoaji wake hodari? Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alisomeshwa na nchi hiyo mpya, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika «Gamba la Nyoka» (1979) juu ya vijiji vya Ujamaa bila kupaka sukari. Tamthilia yake «Kaptula la Marx», kejeli kali ya viongozi waliovaa nadharia isiyowatosha, aliiandika miaka ya 1970. Ikasomwa kwa kupitishwa mkono kwa mkono, ikachapishwa rasmi mwaka 1999, mwaka aliofariki Nyerere. Penina Muhando naye, katika «Nguzo Mama» (1982), aliwaonyesha wanawake wakishindwa kuisimamisha nguzo kwa sababu kila mmoja anavutwa na mambo yake. Miaka 27 tangu Bibi Titi aanze kazi, binti msomi alikuwa anauliza nguzo ile imefikia wapi.

Je, wajua kwamba vitabu viwili vikubwa vya Kenya vilianzia kwenye karatasi za chooni, katika gereza moja? Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka «Kenya: Twendapi?». Humo Kamiti alitunga mashairi ya «Sauti ya Dhiki», yaliyochapishwa 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Waamuzi wa tuzo hiyo wanastahili sifa ya peke yao.

Kisha zamu ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kule Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua walijijengea ukumbi wa wazi wa kuingiza watu wapatao 2,000, wakaigiza «Ngaahika Ndeenda», tamthilia ya Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Walirekebisha maneno yake wenyewe mazoezini, maana maisha yaliyoandikwa yalikuwa yao. Ilianza Oktoba 2, 1977. Novemba kibali kikafutwa. Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, na humo kizuizini akaandika riwaya yake ya kwanza kwa Kikuyu, tuliyoipata kwa Kiswahili kama «Shetani Msalabani». Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi. Serikali hubomoa kumbi kwa sababu nyingi, ila kuubomoa wa nguzo za miti uliojengwa na wanakijiji ni kukiri kwamba mchezo uliwaingia.

Je, wajua, na hili ndilo la mwisho leo, kwamba mipasho inadaiwa shukrani na mfumo wa vyama vingi? Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, CCM ilihitaji sauti za kushindana, ikawa na kikundi chake, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Kwaya, dansi, ngoma, maigizo, vyote vilikuwamo, na sera pia. Lakini foleni mlangoni ilisababishwa na taarabu: Khadija Kopa upande wa TOT, na Nasma Khamis Kidogo upande wa mahasimu wao, kikundi cha Muungano. Wanawake walikuja wamevaa, wametunza noti mkononi, kila mmoja akijua ubeti upi atakwenda kumtunzia mwimbaji huku akimtazama jirani yake. Chama kililipia jukwaa, vipaza sauti na usafiri. Kikapata kura zake. Khadija Kopa yeye akapata cheo ambacho hakikupitia kikao chochote cha kamati kuu: Malkia wa Mipasho.